Msumeno Ulioonekana Umesimama

Seremala alipasua mbao katika chumba cha nyuma ya nyumba. Mkewe alishika ncha ya pili ya ubao. Chumba hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na taa ndefu ya tyubu, tena kuukuu.

Asubuhi moja seremala alizima msumeno wa duara. Mashine ya jirani ya kusaga ilikuwa inanguruma, hivyo hakusikia kitu. Alitazama meno ya msumeno. Aliyaona yametulia. Akanyoosha mkono kupangusa vumbi la mbao. Vidole viwili vikaenda.

Watu walisema alilewa. Hata mkewe alimuuliza, "Baba watoto, sema kweli. Ulikunywa?"

"Sikunywa. Niliuona umesimama."

"Umesimama, halafu vidole vikaliwa na nani? Panya?"

Kidonda kilipona, lakini hakutaka tena kuingia chumba kile. Kazi ikalala. Nyumbani maneno yakawa machache.

Kaka wa mke, fundi umeme, alikuja kumjulia hali shemeji yake. Alipoisikia habari, alisema, "Twendeni kwenye msumeno."

Aliuwasha, akauzima. "Dada, tazama meno. Usiguse."

Meno yalikuwa kama ukungu. Kisha yakaonekana moja moja, yametulia.

"Umesimama," mke alisema.

Fundi akausogezea kipande cha ubao. Kikakatwa. Mke akaziba mdomo kwa kiganja.

"Msumeno ukizimwa huendelea kuzunguka kwa muda, na taa hii inang'aa na kufifia upesi mno," fundi alieleza. "Jicho haliwezi kufuata, linaona mwanga mmoja tu. Na meno yote yanafanana. Taa ikififia, jino linaondoka. Iking'aa, jino jingine limeshika mahali pale pale. Jicho linadhani ni lile lile."

"Kwa hiyo hakulewa?"

"Hata mimi ningenyoosha mkono."

Mke akamgeukia mumewe. "Nisamehe, baba watoto."

"Mimi mwenyewe nilishaanza kujitilia shaka," alisema.

Walitoboa dirisha. Juu ya msumeno fundi alifunga balbu ya waya. Waya wake hukaa na moto, kwa hiyo mwanga hautetemeki sana.

"Lakini msiyaamini macho peke yake," alionya. "Zima, chomoa plagi, subiri. Kisha gusa meno kwa kijiti. Mkono uje mwisho."

Kijiti kinaning'inia kando ya msumeno. Juzi mke aliharakisha kugusa meno, ncha ya kijiti ikakatwa. Aliiokota, akamwonyesha mumewe. Ilikuwa na urefu wa kidole.

Walichonga kijiti kingine.