Mrithi wa Mkono

Somoe Nampunju alipoinua kidole gumba, mikono mia mbili ya chuma iliinua vidole gumba. Alipogonga, mikono mia mbili iligonga. Ukumbi mzima ukatoa sauti moja, ko! Kisha maganda yakamwagika kwenye mifereji na korosho nyeupe, nzima, zikaondoka kwenye ukanda kuelekea ng'ambo ya kiwanda.

Mkono wa nyama ulikuwa mmoja tu, ndani ya kibanda cha kioo. Ile mingine ilisimama safu kwa safu kama wanafunzi kwenye paredi, na watu wa Mtwara waliiita mikonomwangwi, kwa kuwa ilirudia kila alichofanya Somoe papo hapo. Akijikuna, inajikuna. Ndiyo maana hakujikuna.

Kabla ya hapo wahandisi walijaribu mashine za kila aina, na korosho ikawashinda. Ina ganda gumu, ina mafuta yanayochoma ngozi, na kiini chake huvunjika kwa kosa dogo tu. Tena kila moja imejikunja kivyake. Hii kavu, ile imepigwa na unyevu. Mashine ziligonga zote kwa nguvu ileile, zikatoa vipande, na kipande hakipati bei ya korosho nzima. Mkono wa mbanguaji haufanyi hivyo. Unageuza, unapima, unagonga nusu, unasikiliza, ndipo unamalizia. Basi wakaunda chekeche lenye macho. Kwa kila korosho iliyoshikwa na Somoe, chekeche liliitafutia ndugu zake mia mbili, wa ukubwa ule, mkunjo ule na ukavu ule. Zote zikabanguliwa kwa pigo moja.

Hilo ndilo lililoujenga mji. Korosho ghafi hazikupakiwa tena melini kwenda kubanguliwa nchi za watu, zirudi kwenye makopo kwa bei ya kuruka. Zilibanguliwa hapahapa. Kwa mapato yake zilijengwa shule, mabomba ya maji, na mtambo wa umeme uliochoma mafuta ya maganda. Somoe alikuwa akiipita shule ile akielekea kazini, na hakuwahi kuipita bila kuona fahari. Uongo haufai.

Lakini kiwanda kilijengwa kwa mkopo wa hatifungani, na wenye kuinunua walitaka dhamana. Chuma hawakukitaka, chuma kinapatikana popote. Walitaka mkono. Hivyo Somoe akavishwa kikuku kisichovulika. Akishika kisu, kinalia. Akiinua ndoo, kinalia. Akisogelea jiko, kinalia, na gari la kiwanda linafika mlangoni kumuuliza kulikoni. Hakuruhusiwa kutoka nje ya mji. Mama yake alipofariki, wanawake wengine ndio waliomwosha maiti, Somoe akiwa amekaa kwenye kiti mlangoni, mikono mapajani kama mgeni, kwa sababu kiwanda kiliogopa asipate vijidudu kwenye kucha.

"Miaka miwili tu," walimwambia siku anasaini. "Akipatikana mrithi, unakuwa huru."

Mrithi alitakiwa awe na mkono unaolingana na wake kwa asilimia tisini na tano. Walipimwa wanawake wa Newala, Tandahimba, Masasi mpaka Nachingwea, mabingwa watupu, wote wakarudi makwao. Kubangua ni kama kutembea. Kila nyumba ina mwendo wake. Miaka miwili ikazaa mingine, na Somoe akaanza kuota mvi ndani ya kioo.

Kisha mchana mmoja Injinia Chilumba, msimamizi wa mikonomwangwi, aliingia kibandani anacheka peke yake.

"Bi Somoe, nipe zawadi ya habari njema."

"Sema kwanza. Zawadi hailipwi gizani."

"Amepatikana. Asilimia tisini na saba! Kajaribiwa asubuhi kwenye meza ya nje. Nilidhani mashine imeharibika, nikamrudisha mara ya pili."

Somoe alishikilia meza. Aliona jiko, kisu, ndoo, barabara ya kutoka mjini, vyote kwa mkupuo. "Anatoka wapi?"

"Kwako," alisema Chilumba. "Ni Asumini."

Furaha ile ikamkauka mdomoni. Mwanawe. Angekuwa nani mwingine? Ni nani mwingine aliyekaa miguuni pake tangu ana meno ya utoto, akibangua korosho za kuchoma kwenye ungo?

"Jaribio rasmi ni mwisho wa msimu," Chilumba aliendelea, asione kitu. "Wenye hatifungani watatuma mwakilishi. Akipita, mnabadilishana hapohapo. Kikuku kinatoka kwako kinaingia kwake."

Jioni Asumini aliinua macho, akamwona mama yake amesimama katikati ya uwanja wa nyumba yao, hata baibui hajavua. Msichana alikuwa anamenya mihogo, maana nyumbani kwao visu vilikuwa vyake.

"Umeshaambiwa," alisema.

"Nimeambiwa. Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Chuo cha ufundi wa majokofu Masasi kimekupokea, barua umeibandika ukutani mwenyewe, kila mgeni anasomeshwa kwa lazima. Leo unakwenda kupeleka mikono kwa Chilumba?"

"Majokofu hayakimbii, mama."

"Nawe hutakimbia ukishavishwa hiki."

Asumini aliweka kisu chini. "Mama, juzi nilikuona dirishani. Ulikuwa unachukua kitunguu unakinusa, unakirudisha. Unakichukua, unakirudisha. Kama mgonjwa. Mimi nikusomee majokofu huku wewe unaogopa kitunguu?"

"Kitunguu hakijaniua."

"Miaka miwili tu, mama. Nitaingia, watampata mwingine, nitatoka."

"Mimi niliambiwa mingapi?"

Msichana akakusanya maganda ya mihogo. Kisha akasema taratibu, "Nimeshasaini fomu ya kusudio la kukurithi. Nina umri. Huwezi kunizuia."

Somoe alinyoosha mkono achukue kile kisu akitupe mbali, kwa hasira tu. Kikuku kikalia. Wote wawili wakasimama wakikisikiliza mpaka kikachoka, na haikuchukua muda gari la kiwanda likasimama mlangoni kuuliza kulikoni.

"Hakuna kitu," Asumini aliwajibu. "Mama anajifundisha kuimba."

Ilikuwa kweli, Somoe hangeweza kumzuia. Wala hangeweza kuharibu kazi. Akivunja korosho kwa makusudi, mkataba unamtaja mhujumu; nyumba inakwenda, naye anabaki na kikuku vilevile. Akijiumiza mkono, kiwanda kinasimama, na mrithi anaingizwa siku hiyohiyo bila kusubiri msimu uishe. Aligeuza jambo hili kila upande, kama korosho, akitafuta pa kugonga.

Akapaona mahali ambapo hakuna mtu mwingine aliyepaangalia.

Mashine ilijua kwamba mkono wa mtu si chuma. Hukakamaa kwa baridi, huvimba, huzeeka. Kwa hiyo kila Jumamosi mfumo ulichukua kazi ya wiki nzima, ukatengeneza kielelezo kipya cha mkono wa Somoe, na kielelezo cha zamani ukakifuta. Kilichokatazwa ni kuruka. Ukihama ghafla kupita ukingo uliowekwa, kengele inalia. Ukihama kidogokidogo, mfumo unasema ni uzee, unakufuata.

Na mrithi hulinganishwa na kielelezo cha siku ile ya jaribio.

Kesho yake Somoe akaanza kuhama.

Tangu alipofundishwa na mama yake, alikuwa akiviringisha korosho kuielekeza kwake kwa kidole gumba, na kugonga upande wa tumbo, pale inapojikunja. Sasa wiki ya kwanza alipunguza kazi ya gumba kidogo tu. Wiki iliyofuata akaanza kusaidia kwa kidole cha shahada. Halafu akaigeuza korosho kuielekeza nje. Halafu akaanza kuigonga upande wa mgongo. Na muda wote huo korosho zilipaswa kutoka nzima, kwa sababu zikivunjika zinavunjika kwa mamia. Ilikuwa kama kujifunza kuandika upya huku unaandika barua ya mtu. Kifundo kilimuuma. Usingizini vidole vilijinyonganyonga vyenyewe. Siku nyingine gumba lilikataa, likarudi nyumbani kama punda aliyezoea njia, naye akaliburura tena.

Nyumbani hakubangua kitu. Alisema amechoka, Asumini akaamini.

Msimu ulipokaribia kwisha, Chilumba aliingia kibandani na kibao chake cha picha, akafunga mlango.

"Bi Somoe, mkono wako unatembea."

"Uzee."

"Uzee hautembei mstari ulionyooka hivi." Alimwonyesha. Mstari ulikuwa unapanda kama ngazi iliyopimwa na fundi.

Somoe aliendelea kugonga, na nje ya kioo mikono mia mbili ikaendelea kugonga.

"Mkataba unanitaka niripoti," Chilumba alisema.

"Ripoti."

"Nikiripoti, wenye hatifungani watasema dhamana yao inayumba. Watataka fedha zao. Kiwanda kitafungwa, na mimi nitakuwa wa kwanza kuulizwa nilikuwa wapi." Alijipangusa uso. "Nisiporipoti, binti atashindwa, na wewe hutoki humu. Unalijua hilo? Mkono huu mpya hakuna mwingine mwenye nao duniani. Hutapata mrithi tena."

"Injinia, una watoto?"

"Wawili."

"Basi usiniulize kama najua."

Chilumba aliitazama korosho moja ikitoka kwenye ganda, nzima, haina hata mkwaruzo. "Nimeajiriwa kupima korosho," alisema hatimaye. "Korosho hazijavunjika." Akatoka na kibao chake kwapani.

Siku ya jaribio waliweka kiti cha pili upande wa pili wa kioo, mbele ya kibanda. Mwakilishi wa wenye hatifungani, Bi Perpetua, alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani myembamba. Alimpa Somoe mkono wa kulia kisha akaurudisha haraka, alipokumbuka kwamba mkono ule haushikwi.

"Mtoto kumkomboa mzazi," alisema. "Nimefurahi kuja mwenyewe."

Asumini alikaa. Alikuwa amesuka nywele upya na kujipaka hina, kama mwali. Mama na binti wakaletewa korosho ndugu kwa ndugu, na juu ya ukuta ikawaka namba ya mlingano.

Ko. Ko. Ko.

Namba ikasimama kwenye sabini na tisa.

Bi Perpetua akakunja uso. Asumini akajifuta viganja, akaendelea. Sabini na nane. Akaangalia namba, akaangalia mikono yake kana kwamba imemsaliti. Ndipo akainua macho, akaangalia mikono ya mama yake.

Somoe alimwona anaona. Msichana yule aliijua mikono ile kuliko alivyojua sura yake mwenyewe. Aliona kidole cha shahada kikifanya kazi ya gumba, aliona korosho ikigeukia nje, aliona pigo likishuka mgongoni. Mdomo wake ukafunguka kidogo. Somoe alisubiri aseme. Neno moja tu, mbele ya watu hawa, na kila kitu kingekwisha.

Asumini hakusema. Alifanya baya zaidi. Alianza kufuata.

Alikuwa mwepesi, siku zote alikuwa mwepesi. Gumba likalegea, shahada ikashika. Korosho ya kwanza ikamvunjikia, ya pili ikatoka nzima. Themanini na mbili. Themanini na sita. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, alikodoa tu macho kwenye vidole vya mama yake. Themanini na tisa. Bi Perpetua akasogea mbele kitini. Tisini na moja. Tisini na tatu.

"Asumini!"

Somoe alikuwa hajawahi kupaza sauti ndani ya kibanda kile. Mikono mia mbili ikatetemeka.

"Bangua kama nilivyokufundisha."

"Mama..."

"Umenisikia. Kama nilivyokufundisha nyumbani, kwenye ungo. Usibangue kwa kubabaika."

"Msikilize mama," Bi Perpetua alisema kwa upole. "Anataka upite."

Asumini alimtazama mama yake kupitia kioo. Alitazama kwa muda, na uso wake ukapitiwa na hasira, na ombi, kisha kitu ambacho Somoe alikuwa hajakiona tangu binti yule akiwa mdogo, akiitwa aache mchezo aingie ndani. Akainamisha kichwa. Akaviringisha korosho kuielekeza kwake kwa kidole gumba, akagonga upande wa tumbo, mara moja, taratibu, vizuri kuliko alivyowahi kubangua maishani mwake. Ikatoka nzima, inang'aa.

Namba ikaporomoka. Themanini na nane. Themanini na moja. Aliibangua sahani yote hivyo, asikosee hata moja, mpaka namba ikatulia kwenye sabini na saba na taa ikazimika.

"Pole sana, mama," Bi Perpetua alisema. "Tutaendelea kutafuta." Alikuwa amehuzunika kweli. Akaandika, akasaini, akaondoka, na Chilumba akamsindikiza bila kumwangalia mtu.

Asumini akasogea mpaka pua yake ikagusa kioo.

"Atakutoa nani sasa?" aliuliza.

"Basi la Masasi huondoka saa ngapi?"

"Mama, nakuuliza."

"Na mimi nakuuliza. Barua inasema chuo kinafunguliwa Jumatatu. Ukifika, usiwe na haraka ya kushika waya wa umeme. Na ule. Majokofu hayashibishi."

Msichana akacheka huku analia, akajifuta kwa mkono wenye hina, akageuka.

Kengele ya zamu ikalia. Korosho hazingoji. Somoe akachukua moja, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa anapima dakika ile, akataka kuibangua kwa njia ya mama yake, mara moja tu. Gumba halikukumbuka. Shahada ilikwishaigeuzia nje. Ko, ukumbi ukaitika.

Kupitia kioo aliona walinzi wa getini wakimsimamisha Asumini, kama wanavyomsimamisha kila atokaye, asije akatoka na mali ya kiwanda. Walimpekua mfuko, wakamkung'uta mtandio, wakamwambia afungue viganja. Wakavitazama mbele na nyuma. Hawakuona kitu, wakamruhusu apite.