Kisanduku cha Kipindi cha Tano

Kila Jumapili timu ya besiboli ya Wafuachuma ilipocheza nyumbani, Halina Wojtala alimbebea babu yake mto wa kukalia hadi safu ya kumi na moja. Babu Kazimir, mstaafu wa tanuri la chuma, alibeba daftari na kalamu ya wino tu. Penseli alisema ni ya waoga. Kila mpigaji aliposimama kupiga, Babu alijaza kisanduku kimoja: huyu kapiga akafika kituo cha kwanza, huyu kakosa, huyu mpira wake umedakwa. Alifanya hivyo kwa vipindi vyote tisa, kwa miaka thelathini na sita.

Madaftari hayo ndiyo yaliyokuwa kumbukumbu ya mji wa Garnerville. Ofisi ya timu iliungua mwaka 1961 na makaratasi yake yote yakawa majivu, kwa hiyo kila ubishi wa besiboli uliishia jikoni kwa Babu. Nani alirusha mpira siku timu ilipochukua kombe la kwanza? Dutch Kessler alicheza michezo mingapi akiwa na kidole kilichovunjika? Babu alilamba kidole, akafunua, akasoma, na wabishi wakanyamaza. Lakini kisa alichokipenda kuliko vyote ni pigo la Ozell Tibbs lililovunja dirisha la kanisa ng'ambo ya barabara.

"Wanasema," Babu angeanza, "mpira ule ulitua ndani ya maji ya ubatizo. Kwa hiyo ni Mkristo."

Julai ya mwaka 1983 Babu alilazwa kwa upasuaji wa macho. Wodini hapakuwa na redio. Alimkabidhi Halina daftari na kalamu, kisha akawatangazia wauguzi wote kwamba timu haikuwa na wasiwasi, maana mjukuu wake wa miaka kumi na miwili alikuwa kazini.

Halina alianza vizuri. Vipindi vinne alijaza bila kupepesa macho. Kisha harufu ya soseji ikamfikia, na njaa haina adabu. Akajiambia angekimbia mara moja tu. Foleni ikawa ndefu, muuzaji akaishiwa mikate, na Halina aliporudi na soseji yake, wageni watatu walikuwa wamekwisha kupiga kipindi cha tano na kutolewa. Visanduku vitatu vilimtazama vikiwa vitupu.

Angeweza kumuuliza Bi Agnes Pruitt wa kiti cha pembeni. Lakini Bi Pruitt ndiye aliyemtania asubuhi kwamba leo daftari litapata mafuta ya soseji. Halina akaona aibu. Akachukua kalamu na kubuni. Ili ionekane kweli, alimpa mgeni wa kwanza pigo safi, kisha wa pili akapiga mpira wa chini uliowatoa wote wawili, na wa tatu akakosa. Hesabu ya watatu wanaotakiwa kutolewa kila kipindi ikatimia. Hakuna ambaye angejua.

Kuanzia kipindi cha saba, safu nzima ilinyamaza. Bi Pruitt, ambaye kwa kawaida alimzomea hata mwamuzi aliyepanga chumba kwake, alikaa akiuma leso. Halina alipomuuliza kuna nini, alijibiwa, "Tazama mbele, mwanangu." Alidhani wote wamekwisha kujua alichofanya.

Mpigaji wa mwisho wa wageni alipokosa, uwanja ulilipuka. Wafuachuma walimrukia mrushaji wao, Curtis Vanoy, wakamwangusha chini kwa furaha.

"Bila pigo!" Bi Pruitt alilia. "Hakuna aliyempiga hata mmoja! Sikutaka kulitaja, ningemletea mkosi."

Hapo Halina akaelewa. Mashabiki wana mwiko huo: ikiwa hakuna aliyepiga mpira wa mrushaji akafika kituoni, hakuna anayesema neno mpaka mchezo uishe. Ubao mkongwe wa uwanja ule ulionyesha alama tu, mapigo haukuyahesabu. Ulikuwa mchezo wa kwanza wa aina hiyo katika historia ya Wafuachuma. Na ndani ya daftari la Babu, kwa wino, palikuwa na pigo moja.

Kesho yake alikwenda hospitali na daftari. Babu alikuwa na bendeji macho yote mawili na tabasamu hadi masikioni. Habari alikuwa amekwisha kuzipata. Katibu wa timu alikuwa amepiga simu akitaka daftari liwekwe kwenye kabati la kioo pale langoni.

"Haya, nisomee," Babu alisema. "Usiruke hata kisanduku."

Halina alisoma kipindi cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Hapo akasimama. Babu haoni, aliwaza. Naweza kusoma lolote. Lakini bendeji ingetolewa Jumatano. Na watu wakiliona pigo lile langoni, nani angeyaamini tena madaftari mengine thelathini na matano?

"Babu," alisema, "kipindi cha tano sikukiona. Nilikwenda kununua soseji. Nilichoandika ni uongo."

Babu akamtuma nyumbani akalete daftari la mwaka 1957, afungue mchezo wa Juni tisa, siku ya pigo la dirisha la kanisa. Halina alikwenda mbio, akarudi, akafungua. Kipindi cha nne kilikuwa kitupu. Pembeni, kwa mwandiko wa Babu, palikuwa na maneno haya: *Sikuona. Nilisinzia.*

"Nilitoka zamu ya usiku tanurini," Babu alisema. "Pigo kubwa kuliko yote mjini hapa, nami nakoroma. Unafikiri kwa nini nikisimulia huanza na 'wanasema'?"

Halina alicheka huku machozi yakimtoka.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Hakuna anayeweza kuona kila kitu. Watu huyaamini madaftari yangu kwa sababu nisichokiona sikiandiki. Kisanduku kitupu ni aibu ya siku moja. Cha uongo kingekula miaka yote thelathini na sita. Sasa kata kwa mstari mmoja, uandike ukweli."

Daftari lile lilikaa langoni msimu mzima. Watu walisoma, wakafika kipindi cha tano, wakacheka, kisha wakaendelea kusoma kwa makini zaidi. Juu ya visanduku vitatu vilivyokatwa, kwa wino, paliandikwa: *Sikuona. Nilikuwa kwenye foleni ya soseji. H. Wojtala.*