Taa Inaniumiza Macho

Asubuhi ile mke wa mlinzi wa mnara alipopanda na kitambaa chake kufuta chumvi kwenye vioo vya taa, alikuta kioo kimoja kimeshafutwa. Kimefutwa kwa nje, upande wa bahari, mahali ambapo hata ndege hana pa kutua, na aliyefuta alitumia kiganja kidogo cha mtoto. Mama wa watu akakaa chini palepale. Alikijua kiganja kile.

Mwanawe wa pekee alizama mwaka huohuo, kwenye miamba ya chini ya mnara wenyewe. Taa inamulika maili kwa maili, lakini miguuni pake ni giza tupu. Meli za watu zilipita salama usiku ule, moja ikapiga honi ya shukrani huku yeye mama akipiga mayowe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Tangu hapo aliichukia taa ile kama mke mwenza.

Mumewe alidai ni ukungu tu. Lakini harufu ya mwani uliooza ilipanda ngazi ikaingia hadi kwenye shuka, na vidole vikawa vinagonga kioo polepole, kama vya mtu aliyefundishwa kubisha hodi. Ndipo mume akamleta mganga. Mganga alinusa ngazi, akatikisa kichwa, akawaambia kuwa hilo ni jini la miamba, limevaa sauti ya marehemu. Litaomba kitu kimoja, na wasithubutu kulipatia.

Liliomba jioni ileile, mume akiwa chini anachota mafuta.

"Mama," ikanong'ona sauti nyuma ya kioo, kwa kithembe kilekile. "Taa inaniumiza macho. Siwezi kuingia."

Mganga si yeye aliyemzaa, akajisemea. Kwa mbali aliziona taa za meli ya abiria, akazitazama sana, na asije mtu akasema hakujua; kisha akalishika pazia zito wanalofunikia lenzi mchana ili jua lisije likachoma nyumba, akalivuta huku analia na kucheka, huku mumewe akipanda ngazi mbio na kumsihi, mama watoto, usifanye hivyo, nakuomba, huku giza likishuka juu ya maji, mpaka kule chini ukasikika mlio wa chuma kikipasuka juu ya mwamba.

Mume alilirarua pazia, lakini maji yalikwisha kumwagika. Mke alisimama amefungua mikono. Hakuingia mtu.

Kesho yake walishinda wakizika, mtu na mkewe, bila kutazamana. Jua lilipozama vioo vikagongwa tena, vyote kwa pamoja, na viganja vikajaa kila upande, vidogo kwa vikubwa, na sauti za watoto wa watu zikimwita mama, mama, tufungulie.

Akazisikiliza moja moja hadi alfajiri. Ya mwanawe haikuwemo.