Springi za Kiti

Rafiki yangu fundi pikipiki hana tabia ya kutia chumvi, basi naeleza kama alivyonieleza.

Mchana mmoja alikuwa stoo na pikipiki kuukuu ambayo cheche yake ilichelewa, injini ikawa inakohoa tu. Aliunganisha taa ndogo ya kupimia kwenye platini, vile vidude viwili vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe cheche. Taa ingewaka kila vinapoachana. Akaufunga mlango apate giza la kuionea, kitasa kikang'oka, kikabaki mkononi.

"Shemeji, nifungulie!"

"Umejifungia mwenyewe, halafu unanifokea mimi?" kaka wa mkewe akacheka huko nje. "Tulia, natafuta mtaimbo."

Fundi akasonya, akaegemea mlango. Hapo taa ikawaka. Ikazimika. Ikawaka tena taratibu, kama injini inazungushwa kwa mkono, na mikono yake yote miwili ilikuwa kifuani. Akapapasa waya, akauchomoa kwenye betri. Giza likawa totoro. Ndani ya giza hilo springi za kiti cha pikipiki zikalia nyiii, kama zinavyolia mtu mzito anapokaa.

"Shemeji, fanya hima, nakuomba!"

Mtaimbo ukagonga, mbao zikapasuka, mwanga ukaingia. Hapakuwa na mtu.

"Mbona umelowa jasho hivyo?"

Fundi alikuwa akitazama kiti. Springi zilikuwa zimebonyea hadi chini, na mbele ya macho yao wawili zikaanza kunyanyuka polepole, nyiii.