Mikono Pacha

Mikono pacha ilimkuna Kombo mgongoni, taratibu, mpaka akacheka. Ilikuwa ya mashine, ikining'inia kwenye reli ya dari, ndani ya chumba safi cha hospitali moja jijini Tanga, ikiwa na ngozi laini na joto la mwili. Upande wa pili wa kioo, mama yake, Salha, alivaa glavu zenye vihisio. Alivyokunja vidole yeye, ndivyo mikono ile ilivyokunja, na ilichokigusa, alikihisi.

Mhandisi Nakiete aliibuni kwa ajili ya watoto kama Kombo. Salha na mumewe walikuwa wazima, lakini kila mmoja alibeba nakala moja ya jeni ileile yenye kosa. Kombo alirithi zote mbili. Ndani ya uboho wake, chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu zilikufa kabla ya kukomaa. Kipele tu kingeweza kumuua. Kwa hiyo, kwa miaka yake yote minne, hakuna aliyemshika bila mashine.

Sasa jeni ilikuwa imesahihishwa, na chembe zimeongezeka. Mlango ulifunguliwa.

"Mume wangu leo anatolewa nje!" Bi Mize, bibi yake Kombo, alipiga kigelegele. "Arobaini ya miaka minne! Bwana harusi gani mvivu hivi?"

Salha aliingia wa kwanza, mikono mitupu. Alikuwa akimngoja mwanawe kifuani tangu siku ya kumzaa. Alimgusa shavu. Kombo akarudi nyuma.

"Mkono wako una maji."

"Ni jasho tu, baba. Njoo kwa mama."

"Wewe mama wa kwenye kioo," alisema Kombo, akiangalia darini. "Namtaka mama wa kunishika."

Nyuma ya kioo, Nakiete aliinamisha uso. Kwenye mikono ile alikuwa ameiga joto, hata mapigo ya mshipa. Jasho aliliacha, akidhani halina kazi.

Salha alirudi nyuma ya kioo, akavaa glavu. Mikono pacha ikashuka, Kombo akaikimbilia, ikamwongoza mpaka mlangoni, mwisho wa reli. Bi Mize alikuwa amechuchumaa pale.

"Njoo, mume wangu. Nimezeeka nikikungoja!"

Kombo alicheka, akamwegemea bibi yake kifuani. Mkono wake mmoja ukabaki nyuma, umeng'ang'ania kidole cha mashine.

"Vua sasa, dada," Nakiete alinong'ona. "Nenda kwake."

Salha hakusogea.

"Ngoja," alisema. "Bado amenishika."