Sauti ya Pili Katika Tar

Rafiki yangu Medard, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, husafisha maabara ya sauti katika chuo kimoja hapa Columbus, Marekani. Asubuhi hiyo dada yake Immaculée alikuwa akipasuliwa moyo huko Buffalo, naye alikuwa akisubiri simu.

Maabarani alimkuta Gaël, mwanafunzi Mkongo anayemwita yaya, yaani kaka, akipima mtetemo wa tar, ala ya nyuzi ya Kiajemi iliyowambwa ngozi.

“Bon, yaya Medard, imba kidogo. Nyuzi zitakuitikia. Ukinyamaza, nazo zinanyamaza.”

“Mimi ni besi tu. Mwenye sauti ni dada.”

“Ata besi ya kanisa yenu itatosha.”

Medard akaimba wimbo wa kwaya yao ya kambini. Nyuzi zikavuma, kisha zikanyamaza pamoja naye.

Gaël alipotoka, taa zikazimika. Chumba kile hakina dirisha wala mwangwi. Medard alikuwa amefunga mdomo aliposikia nyuzi zikivuma tena: wimbo uleule, lakini kwa sauti ya pili, ambayo huimbwa na Immaculée.

Simu ilikuwa bado haijaita. Alizibana nyuzi kwa kiganja. Chini yake ngozi iliendelea kutetemeka, ikisita kila mahali ambapo Immaculée huvuta pumzi.