Mtoro wa Dawa

Asubuhi nyumbani kwetu ilianza kwa mama kutafuta miwani yake na mimi kumwambia iko kichwani. Kisha alipanga mkoba wake: pakiti za vidonge, makopo ya makohozi, barakoa, na daftari kubwa la wagonjwa. Mama ni mhudumu wa afya. Wagonjwa wake ishirini na watatu wote walikuwa wa kifua kikuu, na asiyekuja kuchukua dawa alimfuata mpaka nyumbani kwake ahakikishe anazimeza. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa mdomo wangu usiotulia, mtaa mzima uliniita Redio.

Sitajitetea. Nasimulia kama ilivyokuwa, na mkitaka kunichukia, nichukieni.

Mmoja wa wagonjwa wale alikuwa Fundi, mshona viatu wa mtaa wa nyuma, aliyeishi peke yake. Alikuwa mtani wangu mkubwa. Nikipita tu, ataita, "Redio! Leo habari gani?" Nami nitajibu, "Habari ni kwamba kiatu ulichomshonea mwalimu mkuu kimefungua mdomo tena!" Alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu aanze kuumwa, alicheka kidogo na kukohoa sana.

Jumatano moja mguu wa mama ulivimba, hata kandambili haikuingia. Fundi alikuwa hajaja kuchukua dawa wiki ya pili hiyo. Mama akaniita.

"Mwanangu, nenda mpaka kwa Fundi. Gonga. Ukimkuta, mwambie dawa zake zinamngoja. Usipomkuta, waulize majirani, halafu urudi uniambie."

Kazi ile haikuwa ya mtoto, na mama alijua. Lakini mguu ulikuwa mguu.

Sikufika. Pale kona niliwakuta wenzangu wanaruka kamba, na zamu yangu ilikuwa inakaribia. Nikasema naruka mara moja tu. Mara moja ikazaa mara kumi, jua likazama, nami nikarudi nyumbani mbio huku natunga la kusema.

"Hayupo, mama. Mlango una kufuli. Majirani wanasema amehama."

Uongo ulinitoka laini, wala sikumeza mate. Mama akaguna, "Jamani, Fundi naye!" Akafungua daftari, na kwenye mstari wa Fundi akaandika kwa kalamu nyekundu: Mtoro. Pembeni, mahali pa aliyemtembelea mgonjwa, akatia sahihi yake mwenyewe.

Shuleni mtoro ni mwanafunzi anayekwepa masomo. Kwenye daftari la mama, mtoro ni mgonjwa aliyeacha dawa. Lilikuwa neno la kazini tu, na wahudumu walilitumia kila siku bila kufikiri. Lakini mwezi ule afisa mmoja aliona watoro wamezidi, akapeleka orodha polisi wamsaidie kuwatafuta. Na polisi wana mtoro wao: mfungwa aliyetoroka.

Walimkuta Fundi kitandani kwake. Hakuna aliyejiuliza ni mtoro gani anayekutwa kitandani. Walimtia pingu, na kesho yake hakimu akaamuru akae rumande mpaka amalize dawa, asije akaambukiza watu. Rumande yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha watu arobaini, chenye kidirisha cha ukubwa wa daftari, na dawa haikuwepo.

Mama aliposikia alichechemea mpaka getini na vidonge mkononi. Nilikuwa naye.

"Afande, mpe huyu mgonjwa dawa zake. Akikaa bila dawa, vimelea vinakuwa sugu, na hao alio nao wataumwa wote."

"Mama, huyo ni mtoro," askari akasema. "Leo utamletea dawa, kesho utamletea tupa akate nondo."

"Mtoro wa dawa, afande! Siyo mtoro wa jela!"

"Mtoro ni mtoro. Rudi nyumbani."

Mama alirudi siku ya pili, ya tatu, ya nne. Hakuna aliyemfungulia. Kula kwangu kukawa kwa shida. Nilijua kitu ambacho hakuna mwingine aliyekijua, na Redio nikazimika kabisa. Mama alidhani nina homa.

Siku ya ishirini ya Fundi rumande, mwanamke mmoja mwembamba alibisha hodi. Alisema yeye ni wakili wa haki za binadamu, na anamtetea Fundi. Mama hakumkaribisha hata kiti.

"Mawakili na sisi wapi na wapi? Mimi ni mtu wa vidonge."

"Ndiyo maana nimekuja, dada," wakili akasema. "Sheria naijua, ila kifua kikuu sikijui. Hakimu ataniuliza kwa nini mgonjwa asiwe kule, nami nitabaki nimetoa macho."

Basi wakakaa mezani. Mama alimweleza jinsi ugonjwa unavyopita hewani, na kwa nini chumba kisichopitisha hewa ni hatari kuliko mgonjwa mwenyewe. Wakili aliandika kama mwanafunzi. Halafu zamu ikageuka, akaanza kumfundisha mama kusimama mahakamani.

"Sema ulichoona, usiseme ulichosikia. Haya, siku uliyomtembelea, uliona nini?"

Mama aliivua miwani, akaivaa tena.

"Sikwenda," akasema kwa sauti ndogo. "Nilimtuma huyu."

Wakili akanigeukia. Hakuwa mkali, na hilo lilinitisha zaidi.

"Uliona nini, mwanangu?"

"Mlango... ulikuwa na kufuli."

"Kufuli la aina gani?"

"Kubwa. Jeusi."

"Mimi nimefika kwa Fundi juzi," wakili akasema. "Mlango wake haufungiki kwa kufuli. Hauna hata pete ya kulitia. Anaufunga kwa kamba ya viatu."

Nililia. Nilisema yote, kamba, zamu, jua, uongo. Mama hakunipiga. Aliniangalia tu kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu, na hata leo ningeona afadhali angenichapa.

"Nikisema haya mahakamani, kazi yangu imekwisha," mama alimwambia wakili.

"Huenda ikaisha. Sitakudanganya, dada. Ila sheria inaruhusu kumfungia mgonjwa aliyefuatwa akakataa tiba. Fundi hakufuatwa. Ukweli huu ndio ufunguo pekee nilio nao."

Siku ya ishirini na sita, mama alisimama mbele ya hakimu, na mkubwa wake wa kazi ameketi benchi la mbele.

"Mheshimiwa, sikwenda kwake. Nilimtuma mtoto, na mtoto hakufika. Sahihi ile ni yangu na ni ya uongo."

"Sasa mtoro ni nani hapa?" hakimu akauliza.

"Kwetu sisi, mheshimiwa, mtoro ni mtu ambaye hatujamfuata."

Hakimu aliamuru Fundi apelekwe hospitali siku ile ile. Alitoka amebebwa na askari wawili. Nilimtambua kwa shati tu.

Mama alisimamishwa kazi. Hata hivyo hakukaa. Yeye na wakili walizunguka ofisi hadi ofisi, mpaka neno mtoro likafutwa kwenye madaftari na pakaandikwa Afuatwe. Ikawekwa kanuni kwamba jina la mgonjwa halitoki ofisini mpaka mhudumu amefika kwake mwenyewe. Wakapata pia kibali cha kuwapima waliokaa rumande na Fundi. Sita walikutwa wanaumwa. Mmoja wao aliingia mle kwa kesi ya kuku.

Mama alinipeleka hospitali. Watoto hawaruhusiwi wodi ile, kwa hiyo nilisimama nje ya dirisha, nikamwambia Fundi yote. Alinisikiliza macho yakiwa darini.

"Siku ile nilikuwa ndani," akasema. Sauti yake ilikuwa imebaki nusu. "Vidonge vilikuwa vinanitapisha, hata bombani sifiki. Nikajiambia, mhudumu atakuja tu, hajawahi kuniacha. Nilisikiliza mlango mpaka giza likaingia."

Nikasema, "Nisamehe." Aligeukia ukutani.

Daktari alimwambia mama kwamba vidonge vya zamani havimfai tena. Kuna vingine, vikali, vya miezi mingi, na hawezi kuahidi kitu. Mama alikaa kwenye benchi la nje, akanivuta karibu.

"Mimi nilikosea kukutuma, nikakosea tena kutia sahihi. Wewe ulikosea kunidanganya. Lakini aliyelipa ni yeye, na wale sita. Mimi na wakili tumemtoa kwa ukweli, ndiyo, ila ukweli wenyewe tuliuchelewesha, na siku ishirini na sita hakuna hakimu wa kuzirudisha. Mwanangu, ukitumwa kwa mgonjwa, fika. Usipofika, sema hukufika."

"Ndiyo, mama."

Kisha akaniambia nirudi pale dirishani nikasimame, hata kama Fundi hageuki. Nikarudi, nikasimama.